Jack Cardiff na The African Queen: tunaonyesha Butiaba, naomba msaada wa maelezo

NgegeKavu

Habari zenu wana jukwaa. Tunaandaa onyesho la usiku mbili hapa Butiaba, mwaloni. Usiku wa kwanza ni The African Queen, kwa kuwa sehemu yake ilipigwa hapa hapa Ziwa Albert na kule juu Murchison mwaka 1951. Usiku wa pili tunataka filamu nyingine ya yule Mwingereza, Jack Cardiff. VJ, yaani msimulizi wa filamu, atatafsiri kwa Kiswahili, maana mwaloni wako Wanyoro, Waalur na watu wa ng'ambo ya Kongo, na Kiswahili ndicho kinachotukutanisha.

Naomba kujua haya. Tangazo letu limeandika "filamu ya Jack Cardiff". Je, ni yeye aliyeiongoza? Maisha yake naweza kuyaelezaje kwa dakika kumi kabla ya kuwasha projekta? Ile rangi waliipataje wakati ule, porini, bila kompyuta? Usiku wa pili niweke filamu gani? Na mwisho, projekta tuliyoazima ni ya lumeni 3,000, ya umbo la 16:9. Shuka liwe na ukubwa gani?

---

MamaSinema

Ndugu NgegeKavu, hilo tangazo libadilishe kabla halijabandikwa. The African Queen iliongozwa na John Huston, Mmarekani. Cardiff alikuwa mpigapicha mkuu, yaani mwenye dhamana ya mwanga, kamera na rangi. Andika "iliyopigwa picha na Jack Cardiff" na hakuna atakayekukosoa.

Ila Cardiff alikuwa mwongozaji pia, na hapo ndipo watu huchanganya. Alikwenda kwenye uongozaji, akarudi kwenye kamera, na ukimweleza kama mwongozaji tu hutamwelewa hata kidogo. Mtazamaji wako ashike neno moja: mwanga.

Alizaliwa tarehe 18 Septemba 1914, Great Yarmouth, mji wa pwani ya mashariki ya Uingereza. Wazazi wake walikuwa wasanii wa jukwaani waliozunguka mji kwa mji, na yeye mwenyewe aliigiza kwenye filamu akiwa bado mtoto mdogo. Akiwa kijana akaingia studio kwa kazi za chini kabisa za kutumwa, akapanda hadi kushika kamera. Shule hakusoma sana. Alichosoma ni michoro kwenye majumba ya sanaa: Rembrandt anaangaza uso upande gani, Vermeer anaingiza mwanga kutoka dirisha lipi.

Mwaka 1936 kampuni ya Technicolor, ya filamu za rangi, ilitafuta Mwingereza wa kumfundisha kamera yao. Wenzake waliulizwa mambo ya ufundi. Yeye alisema wazi kwamba mahesabu si upande wake, akaeleza mwanga wa wachoraji, wakamchagua. Mwaka uliofuata ikatoka Wings of the Morning, filamu ndefu ya kwanza ya Technicolor kupigwa Uingereza, naye akiwa mshika kamera.

Kisha ndipo akakutana na watengenezaji filamu wawili, Michael Powell na Emeric Pressburger. Filamu tatu mfululizo: A Matter of Life and Death (1946), Black Narcissus (1947) na The Red Shoes (1948). Hii ya katikati ilimpa Oscar. Hadithi yake iko milima ya Himalaya, lakini karibu yote ilipigwa ndani ya studio ya Pinewood, milima ikiwa imechorwa. Watu wako wakisikia hivyo watashangaa kwamba huyo huyo, miaka minne baadaye, alibeba mitambo yake hadi kwao kutafuta mto wa kweli.

Kuongoza alijaribu kwanza mwaka 1953, filamu ya William Tell na mwigizaji Errol Flynn, Italia. Fedha zilikatika kazi ikiwa njiani na haikumalizika kamwe. Akarudi tena mwaka 1958, na mwaka 1960 akatoa Sons and Lovers, iliyopata uteuzi wa Oscar mara saba, pamoja na wa mwongozaji bora. Oscar iliyoshinda ni ya upigaji picha, na mpigapicha wake alikuwa Freddie Francis. Cardiff hakushika kamera hiyo mwenyewe. Nadhani huo ulikuwa uamuzi wa busara kuliko wote katika uongozaji wake, kwa sababu ulimwacha huru kushughulika na waigizaji. Tuzo ya Golden Globe ya mwongozaji aliichukua.

Miaka ya 1970 fedha za filamu Uingereza zilipungua sana. Filamu yake ya mwisho kuongoza ilitoka 1974. Akarudi kuwa mpigapicha, bila kinyongo, kwenye kazi kubwa kama Death on the Nile (1978) na hata Rambo ya pili (1985). Hii ya mwisho itaje hapo mwaloni, vijana watainua vichwa. Mwaka 2001 alipewa Oscar ya heshima, mpigapicha wa kwanza kuipata. Alifariki tarehe 22 Aprili 2009, akiwa na miaka 94.

Dakika kumi zinatosha, usiongeze.

---

Prizimu3

Nachukua swali la rangi, maana hapa maelezo mengi mtandaoni yamekosewa.

Kamera ile ya Technicolor haikuwa na filamu ya rangi ndani yake. Ilikuwa na filamu tatu za nyeusi na nyeupe zinazokimbia kwa pamoja. Nyuma ya lenzi kulikuwa na prizimu mbili (vipande vya kioo) zilizobandikwa, na katikati yake utando mwembamba wa kioo uliopitisha sehemu ya mwanga na kuigeuza sehemu iliyobaki digrii 90. Mwanga uliopita moja kwa moja ulipita kwenye kichujio cha kijani ukafika kwenye filamu ya kwanza. Ule uliogeuzwa ulipita kichujio cha majenta (waridi-zambarau), ukakuta filamu mbili zimebanana uso kwa uso. Ya mbele ilishika buluu tu, na ilipakwa rangi ya nyekundu-chungwa ili buluu isiendelee nyuma. Ya nyuma ikashika nyekundu. Kwa kuwa nyekundu ilifika ikiwa imeshapenya filamu nyingine, picha yake ilikuwa laini kidogo kuliko zile mbili.

Maabara ndiko rangi ilikozaliwa. Kila negativu ilitengenezewa ukanda wa gelatini wenye mabonde na vilima, kama muhuri. Ukanda wa buluu ulinyonya rangi ya njano, wa kijani majenta, wa nyekundu sayani (buluu-kijani). Kisha mmoja mmoja ukakandamizwa juu ya filamu tupu, kama kitenge kinavyochapwa rangi moja juu ya nyingine. Mfano huo wa kitenge mpe VJ, kila mama pale ataelewa mara moja. Na kama kitenge, ukanda mmoja ukisogea hata kidogo, mpaka wa kila kitu unatoka na kivuli cha rangi.

Sasa hesabu za porini. Filamu ya milimita 35 hutumia futi 90 kwa dakika. Zidisha kwa tatu: futi 270 kwa kila dakika moja ya kazi. Kibweta cha futi 1,000 kinaisha kwa dakika 11 hivi, ndipo ufungue upakie roli tatu upya, kwenye joto na unyevu wa Butiaba. Kamera ikivalishwa sanduku la kuzuia kelele yake ilizidi kilo 100. Haibebwi begani, na haiingii kwenye mashua ndogo pamoja na waigizaji wakuu, Humphrey Bogart na Katharine Hepburn. Ndiyo maana walijenga vipande vya mashua ile juu ya chelezo. Chelezo kilibeba kamera na waigizaji wakicheza kwenye kipande cha mashua, na vyelezo vingine vikabeba taa na jenereta. Ukiona picha ya karibu ya Bogart ameshika usukani, usidhani kamera iliingia mle ndani.

Kwa nini taa wakati jua letu ni kali hivi? Kwa sababu prizimu na vichujio vilikula mwanga mwingi mno. Kwa kipimo cha leo, mfumo ule katika miaka ya 1930 na 1940 ulikuwa kama ISO 5 hadi 10 (ISO ni wepesi wa kushika mwanga). Juani, fremu 24 kwa sekunde, unapata f/5.6 hivi (namba ya f ni uwazi wa lenzi, ikishuka uwazi unakua). Ingia chini ya miti ya mtoni, mwanga unashuka hatua tatu au nne (kila hatua ni nusu ya mwanga), na tayari umefika f/2 au chini yake, mahali ambapo lenzi za kamera ile hazikufika vizuri. Bila taa, uso unazama gizani huku maji nyuma yakiwaka meupe. Hesabu hii ndiyo iliyompangia Cardiff kila kitu: akae wapi, mashua igeukie wapi, saa ngapi aache kazi.

Jambo moja la kuwaambia watazamaji: sehemu nyingine za maji hazikupigwa hapa. Matukio ya waigizaji kuingia majini, pamoja na lile la ruba, yalipigwa studio London, sababu mojawapo ikiwa hofu ya kichocho. Watu wa ziwani wataiona tofauti ya maji wenyewe. Waulize baada ya filamu.

---

Mwalimu_Hoima

Nyongeza kwa Prizimu3 kuhusu mahali. Kikundi kilianzia Biondo, mto Ruiki, upande wa Kongo ya Wabelgiji, ndipo wakahamia Uganda. Huku walilala kwenye meli ya Lugard II. Wengi waliugua tumbo vibaya, Hepburn akiwa mmoja wao, na chanzo kilikuwa maji ya kunywa. Usiliweke kama kichekesho tu cha Bogart na Huston waliokunywa wiski. Wafanyakazi waliugua kweli, na kazi iliwabidi iendelee.

Pia mweleze VJ kwamba hadithi yenyewe si ya hapa. Imewekwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, mwaka 1914. Mzee fulani akisema "ule mto si Nile", yuko sahihi kwa hadithi, na anayesema "yale ni maporomoko yetu" yuko sahihi kwa picha.

Kuhusu usiku wa pili, nina maoni makali. Kuna filamu ya Cardiff ya 1968, Dark of the Sun, iliyowekwa Kongo wakati wa vita vya miaka ya 1960. Ilipigwa Jamaika. Ni ya ukatili mwingi, na mwaloni kwako wapo watu waliovuka ziwa wakikimbia vita vya kweli. Tafadhali usiiweke, hata kama vijana wataiomba. The Lion (1962) ilipigwa Kenya, simba na mandhari vitawafurahisha watoto, lakini hadithi yake ni dhaifu. Young Cassidy (1965) aliipokea baada ya mwongozaji John Ford kuugua, kwa hiyo si yake tangu mwanzo.

Weka Sons and Lovers. Baba mchimba makaa ya mawe anayekunywa, mama mwenye nguvu asiyetaka kumwachia mwanawe aoe, kijana anayetaka kuchora. Hapo VJ hahitaji kueleza utamaduni wowote. Ni nyeusi na nyeupe, na usiku uliotangulia watakuwa wameshiba rangi. Waache waone mtu yule yule anafanya nini rangi ikiondolewa.

---

FundiProjekta

Umbo la picha ndilo litakalokuharibia, NgegeKavu, kwa hiyo soma polepole.

The African Queen ni 1.37 kwa 1, karibu mraba. Sons and Lovers ni 2.35 kwa 1, pana sana. Projekta yako ni 16:9, iko katikati ya hizo mbili. Kosa la kila mahali ni kubonyeza kitufe cha kujaza skrini. Usiku wa kwanza Bogart atanenepa, au vichwa vitakatwa. Acha projekta kwenye umbo la asili la faili, nafasi tupu zibaki nyeusi.

Shona shuka la mita 4 kwa 2.25, projekta isisogezwe siku zote mbili. Usiku wa kwanza picha itakuwa na upana wa mita 3.08, basi funika sentimita 46 kila upande kwa kitambaa cheusi. Usiku wa pili picha itajaa upana wote na kimo chake kitakuwa mita 1.70, ufunike sentimita 27 juu na chini. Usidharau kitambaa hicho cheusi. Macho yakikosa mpaka, picha huonekana imefifia hata kama taa ni nzuri. Kama projekta ina uwiano wa kurusha (umbali kugawa kwa upana wa picha) wa 1.5, iweke mita 6 kutoka kwenye shuka. Lumeni 3,000 kwa ukubwa huo zinatosha, ila giza liwe kamili. Anza saa moja na nusu usiku, si kabla.

Shuka moja la kitanda linapitisha mwanga. Lifanye la tabaka mbili, au weka turubai jeusi nyuma. Chini pitisha bomba au mti mnyoofu kwenye pindo, kwa sababu upepo wa ziwani utaligeuza tanga. Kila nusu mita tia kitundu cha kamba, ufunge kwa mpira wa tairi la ndani la baiskeli badala ya kamba ngumu. Mpira unavutika, shuka halichaniki.

Rangi: zima hali ile ya kung'arisha inayoitwa "dynamic" au "vivid", tafuta ya sinema. Technicolor tayari ina rangi nzito. Ukiiongezea, nyuso zinakuwa nyekundu kama zimechomwa na majani yanakuwa plastiki. Jaribu kwa kusimamisha picha kwenye uso wa Hepburn akiwa kivulini chini ya kofia. Ukiweza kuona tofauti kati ya shavu na kivuli cha kofia, umepatia. Vikiungana kuwa doa moja, shusha utofautishaji.

Sauti ya filamu hizo ni ya spika moja. Iweke chini ya shuka, katikati. Spika ya VJ iwe pembeni kabisa, mita tatu au nne mbali, ili masikio yatenganishe sauti mbili. Kwenye maporomoko mwombe VJ anyamaze.

Wadudu wa ziwani watafuata mwanga wa projekta. Washa balbu nyeupe kali mita 15 kutoka pale, upande wa upepo unakotoka, nusu saa kabla. Lenzi ifunikwe mpaka dakika ya kuanza. Jenereta ya kilowati 2 inatosha na kubaki, iwe mita 30 nyuma ya watu, waya wa milimita 2.5 za mraba. Na haki ya kuonyesha hadharani iombwe kwa wenye filamu mapema. Nakala ya dukani haikupi ruhusa hiyo.

---

NgegeKavu

Webale nnyo nyote, tangazo limeshabadilishwa. Moja la mwisho: kuna vijana watatu wenye kamera za kawaida za video wanaotaka kupiga picha za mashua mtoni asubuhi yake, kwa kufuata mwanga wa Cardiff. Waanzie wapi?

---

Prizimu3

Ssebo, waanzie na saa. Kuanzia saa nne asubuhi jua letu linapanda karibu na utosi, mashimo ya macho yanakuwa meusi, na hakuna mchoraji anayechora uso hivyo. Wapige kuanzia jua linapochomoza hadi saa tatu, kisha baada ya saa kumi jioni.

Mashua igeuzwe hadi jua liwe nyuma ya mtu, upande mmoja. Mbele yake asimame mwenzao na shuka jeupe la mita 2, arudishe mwanga usoni kutoka ubavuni, si kutoka chini. Ukitoka chini unatisha. Karibu na mafunjo, ngozi inashika kijani kinachorudi kutoka kwenye majani. Shuka hilo hilo linakiosha. Upande wa pili wa uso waweke kitambaa cheusi nusu mita nje ya picha. Wataalamu wa Technicolor walitaka mwanga sawa kila mahali, na Cardiff aligombana nao miaka mingi ili aruhusiwe kuacha giza upande mmoja. Kitambaa hicho kinafanya kazi ile ile.

Kipimo: ISO 100, fremu 25, shata 1/50, juani inatoka f/22. Wakitaka f/4 ili nyuma ilainike, waweke kichujio cha kupunguza mwanga cha ND32, kinachokula hatua tano kamili. Kichujio cha kupunguza mng'ao wa maji kikitumika kinakula nyingine moja na nusu hivi, na kisizungushwe mpaka mwisho. Maji yasiyo na mng'ao hata kidogo yanaonekana kama saruji.

Mguu wa kamera usikae juu ya bodi ya mashua yenye injini, mtetemo utapanda wote. Mfuko wa kitambaa wenye kilo 3 za maharage juu ya mto wa sponji, kamera juu yake, unatosha. Wakitoka kwenye gari lenye kiyoyozi, begi lisifunguliwe kwa dakika 40, la sivyo lenzi inafunga ukungu ndani. Jioni wakaushe kila kitu na kuweka pakiti za silika zinazonyonya unyevu. Ukungu unaoota kwenye lenzi, yaani kuvu, ni ndugu wa ule ulioshambulia negativu za The Red Shoes, ambazo zilihitaji urekebishaji mkubwa uliokamilika 2009.

Na wakipanda hadi ndani ya hifadhi ya Murchison, kibali cha UWA, mamlaka ya wanyamapori ya Uganda, kiwe mkononi kabla ya kuwasha kamera.

---

MamaSinema

Niongeze hapo kwa Prizimu3: waambie vijana wasijaribu kupata maporomoko yote kwenye fremu moja. Nile inajibana kwenye mwanya wa mita saba au nane hivi na kuanguka zaidi ya mita 40. Kutoka juu, ukitumia lenzi pana, ukubwa wote unapotea na panakuwa mfereji. Wasimame chini, wachukue lenzi ndefu, na mtu mmoja awe mbele akiwa mdogo chini ya fremu. Wampe shati jeupe.